Barafu ya Greenland wanaipima kwa mizani gani?

Wakala_Kayenze

Mwangaluka wanajamvi,

Mimi ni wakala wa sangara hapa Kayenze, Mwanza. Watu wanadhani kazi hii ni ya samaki, lakini nusu yake ni barafu. Boti inayokwenda kukusanya samaki visiwani inaondoka na barafu iliyopimwa kwa kilo, na ikirudi lazima nijue imebaki kiasi gani, maana hapo ndipo panapoamuliwa kama mzigo utapokelewa kiwandani au utakataliwa. Kwa hiyo nikisikia mtu anataja uzito wa barafu, naacha ninachofanya nasikiliza.

Wiki hii redio imesema barafu ya Greenland inapungua kwa wastani wa tani bilioni 270 kila mwaka. Mtangazaji akapita, akaenda kwenye habari za mpira. Mimi nimebaki na swali: nani aliipima, na kwa mizani gani?

Nieleze kwa nini jambo hili linanikaa kichwani. Kwenye sanduku langu barafu inashuka kwa njia mbili. Ya kwanza inayeyuka, maji yanatoka chini. Ya pili inajishindilia: ile barafu ya vipande vidogo ikikaa inajipanga, inashuka kiganja kizima na uzito wake ni uleule. Kijana mgeni akichungulia anasema "bosi, barafu imeisha", kumbe imelala tu. Mimi nina mizani ya kunitoa wasiwasi. Wao wanafanyaje, kwenye nchi ambayo ni barafu mpaka upeo wa macho? Tena huko theluji mpya inaanguka juu ya ile ya zamani. Utajuaje kilichoyeyuka ni kipi na kilichoongezeka ni kipi? Na rula unaisimamisha juu ya nini, wakati hata unapokanyaga ni barafu?

Naomba jibu la kina. Lile la "wanatumia setilaiti" nimeshapewa na kila mtu hapa mwaloni, na hakuna aliyeweza kuniambia setilaiti inafanya nini hasa.

---

Kijana_wa_Nyegezi

Mkuu, lakini kweli ni setilaiti. Wanachukua picha za miaka ya nyuma na za sasa, unaona kabisa barafu ilivyorudi nyuma.

---

Wakala_Kayenze

Ahsante mdogo wangu. Picha inanionyesha upana, mimi nauliza kina na uzito. Sanduku langu ukilipiga picha kutoka juu, barafu ya kilo 50 na ya kilo 500 zinaonekana sawa.

---

Binti_Ukerewe

Mwangaluka kaka Wakala. Umeuliza swali nililokuwa nalisubiri tangu nirudi nyumbani.

Mimi ni mtu wa Nansio. Nilisoma Norwei, na huko nikapata nafasi ya kuwa msaidizi wa watafiti Svalbard, visiwa vilivyo kati ya Norwei na Ncha ya Kaskazini. Kijiji tulichofikia kinaitwa Ny-Ålesund, karibu nyuzi 79 kaskazini. Nyuma ya kijiji kuna barafuto mbili, yaani barafu kubwa za mlimani zinazoteremka bondeni polepole kwa uzito wao: Austre Brøggerbreen na Midtre Lovénbreen. Taasisi ya Norwei inayoshughulikia utafiti wa ncha za dunia imekuwa ikipima ile ya kwanza tangu 1967 na ya pili tangu 1968. Kwa hiyo nitakueleza nilichokishika kwa mikono, kisha ya setilaiti yatafuata.

Umeuliza rula inasimama juu ya nini. Inasimama ndani ya barafu yenyewe.

Unatoboa tundu kwa mvuke. Kuna chombo kilichofungwa kinachochemsha maji kwa gesi, mvuke unapita kwenye mpira mrefu hadi kwenye bomba la chuma, na bomba linazama kwenye barafu taratibu, mita 6, 8, hata 10. Unachomeka ufito wa aluminiamu, wa plastiki ngumu au wa mbao. Barafu ya kule iko chini ya sifuri kwa ndani, kwa hiyo maji yaliyobaki tunduni yanaganda na kuushika ufito usicheze. Kuanzia hapo ufito na barafu ni kitu kimoja. Barafu ikiteremka bondeni, ufito unateremka nayo. Uso ukiyeyuka, ufito haushuki, unazidi kujitokeza. Unapima urefu uliojitokeza kwa tepu ya fundi, unaandika tarehe, unakwenda kwenye ufito unaofuata.

Sasa lile jambo lako la barafu kulala. Umeligusa penyewe, kwa sababu theluji nayo inajishindilia. Ikianguka kwa upole ina kilo 100 au pungufu kwa mita moja ya ujazo, na ikikaa msimu wote wa baridi inafika 350 au 400 bila kuongezwa chochote. Kwa hiyo kina cha theluji peke yake hakimwambii mtu kitu. Mwezi wa nne au wa tano, kabla kiangazi hakijaanza, tunachimba shimo kwenye theluji mpaka tuifikie barafu ngumu. Kwenye ukuta wa shimo tunachomeka kopo la chuma lenye ujazo unaojulikana, kutoka juu mpaka chini, na kila kopo tunalitundika kwenye mizani ya mkononi. Ndiyo, kaka, mizani ipo. Upepo unavuma, vidole vimekufa ganzi, na mtu amesimama pembeni na bunduki akiangalia dubu, kwa sababu ukitoka kijijini kule huruhusiwi kwenda bila kitu cha kujikinga na dubu.

Nikupe hesabu ya kufundishia. Mwezi wa nne kuna theluji ya mita 1.20 juu ya barafu, na ufito umejitokeza mita 0.80 juu ya theluji. Maana yake juu ya barafu yenyewe ufito una mita 2.00. Mizani imesema theluji ina kilo 380 kwa mita ya ujazo. Mwezi wa tisa unarudi, theluji yote imekwenda, na ufito umejitokeza mita 3.30. Kwa hiyo barafu iliyoyeyuka ni mita 1.30. Theluji: 1.20 mara 380 ni kilo 456 kwa kila mita ya mraba. Barafu: 1.30 mara 900, ambao ndio uzito tunaotumia kwa barafu ya pale, ni kilo 1,170. Kiangazi kimekula kilo 1,626, baridi ilileta 456, na mahali pale pamebaki na upungufu wa kilo 1,170 kwa mita ya mraba. Kilo moja ya maji kwenye mita ya mraba ni milimita moja ya kina, kwa hiyo ni sawa na kusema pamepotea maji ya kina cha mita 1.17.

Ufito mmoja hautoshi, maana chini karibu na bahari barafu inayeyuka sana na juu mlimani inayeyuka kidogo au haiyeyuki. Unapanga fito kuanzia ncha ya chini hadi juu, kila mmoja unawakilisha ukanda wake wa mwinuko, unazidisha kwa eneo la ukanda huo, unajumlisha. Austre Brøggerbreen imetoka na upungufu karibu kila mwaka tangu waanze kupima.

Na ufito usiwe mfupi. Ukikuta umelala chini mwezi wa tisa, umebaki kujua kwamba kimeyeyuka kingi kuliko urefu uliozamisha, basi. Mwaka mzima wa mahali pale umepotea na hakuna wa kuurudisha.

---

Wakala_Kayenze

Dada, ubarikiwe. Hilo la kopo na mizani nimelisoma mara mbili, nikamsomea na fundi wa boti.

Nina mawili. Nasikia kule kiangazi jua halizami. Sasa linayeyusha mchana na usiku? Na mvua je? Hapa kwetu mvua ikiingia kwenye sanduku ni hasara, bora jua kuliko mvua.

---

Binti_Ukerewe

Jua halizami, ila "usiku" linakuwa chini, na kuna siku nyingi za ukungu. Uzuri wa barafu ni kwamba hesabu yake ya joto ni ngumu kuidanganya. Barafu ikishafika nyuzi sifuri, kilo moja inataka kilojuli 334 kuwa maji, iwe Svalbard au Kayenze. Chukua mita moja ya mraba inayopokea na kubaki na wati 100 mfululizo kwa saa 24. Hizo ni kilojuli 8,640. Gawanya kwa 334, unapata karibu kilo 26, yaani barafu ya kina kinachokaribia sentimita 3 kwa siku moja.

Neno kubwa hapo ni "kubaki na". Theluji mpya inarudisha angani asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua. Barafu iliyovuliwa theluji inarudisha 30 hadi 50, na ikiwa na vumbi au mwani inarudisha hata pungufu. Watu wanashangaa nikisema mwani, lakini upo, mdogo wa kuonwa kwa hadubini, unaota juu ya barafu na kuifanya iwe ya zambarau na hudhurungi. Kusini magharibi mwa Greenland kuna ukanda mpana unaokuwa mweusi kila kiangazi kwa ajili yake. Kwa hiyo jua lilelile, siku theluji inapoisha na barafu kubaki wazi, linaanza kuyeyusha mara mbili, mara tatu zaidi. Ndiyo maana kituo cha hali ya hewa juu ya barafu kina vipima mwanga viwili, kimoja kinaangalia juu na kingine kinaangalia chini. Tofauti yao ndiyo barafu ilichokula.

Mvua sasa. Milimita 10 za mvua yenye nyuzi 5, ambayo ndiyo mvua ya kule, ina kilo 10 kwa mita ya mraba. Ikipoa hadi sifuri inatoa kilojuli 210 hivi. Hiyo inayeyusha milimita 0.6 tu. Mvua yako ya Kayenze yenye nyuzi 20 ingeyeyusha mara nne ya hapo, na bado ni kidogo. Nadhani kinachokuumiza sandukuni ni maji yanayopita katikati ya vipande na kutoka navyo, na mfuniko uliofunguliwa. Kule hasara ya mvua inakuja kwa mlango mwingine: inalowesha theluji, theluji iliyolowa inakuwa nyeusi zaidi, na upepo wa joto uliokuja na mvua ndio unaoleta joto lenyewe. Tarehe 14 Agosti 2021 mvua ilinyesha kwenye kituo kilicho kileleni kabisa mwa barafu ya Greenland, mita 3,216 juu ya bahari. Haikuwa imewahi kuonekana mvua pale tangu kituo kianze kufanya kazi. Maji yenyewe hayakuwa mengi. Kilichowatisha watu ni joto lililoweza kufika pale juu.

---

KipimaMaji

Wanangu, nimewasoma kwa furaha kubwa. Nimefanya kazi ya kusoma kina cha ziwa hili mpaka nikastaafu, na niongeze kipande kinachonihusu.

Sisi tuna raha moja: ubao wa kupimia umekazwa kwenye nguzo iliyo imara, na maji ndiyo yanayopanda na kushuka. Upande wa Uganda vipimo vya namna hiyo vimeandikwa tangu 1896. Lakini ubao unahitaji mtu wa kuusoma kila siku, na Greenland huwezi kumpata mtu huyo. Kuanzia 2007 idara ya jiolojia ya Denmark na Greenland, GEUS, imesimika vituo vinavyojiendesha juu ya barafu, vinasoma vyenyewe na kutuma takwimu. Wanatumia njia mbili ambazo mtu wa maji anazielewa mara moja.

Njia ya kwanza ni sauti. Kifaa kimefungwa juu ya kiunzi cha chuma, kinatuma mlio usiosikika kwenda chini, unagonga barafu na kurudi, na muda uliotumika unakuambia umbali. Uso ukishuka, umbali unaongezeka. Ila mwendo wa sauti unabadilika na joto la hewa: ukiwa na umbali wa mita 2 na ukakosea joto kwa nyuzi 10, umekosea karibu sentimita 4. Kwa hiyo lazima kipimajoto kiwe kando yake. Na kile kiunzi nacho kimesimama juu ya barafu inayoyeyuka, kinaweza kuinama.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda mimi. Ni kipima mgandamizo, kifaa kilekile tunachokitumbukiza kwenye kisima kirefu kujua maji yako wapi. Wao wanachukua mpira mrefu, wanaujaza maji yaliyochanganywa na kemikali isiyoganda, kipima mgandamizo kikiwa mwishoni, wanauzamisha kwenye tundu mpaka mita 10 na zaidi. Juu ya kipima kuna safu ya kimiminika kuanzia pale chini hadi usoni. Barafu ikiyeyuka juu, sehemu ya mpira iliyokuwa imeshikwa inaachiwa, inalala juu ya barafu, na safu iliyosimama inakuwa fupi. Safu ikifupika, mgandamizo unapungua. Ukijua uzito wa kile kimiminika, unapata sentimita za barafu iliyoondoka, mwaka mzima, bila mtu kukanyaga pale. Upepo hauigusi na theluji ikifunika haijali. Aliyeibuni alifikiri vizuri sana.

Halafu hizo tani bilioni 270 nimezigeuza kwa kipimo cha nyumbani. Tani moja ya maji ni mita moja ya ujazo, kwa hiyo ni kilomita za ujazo 270. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba kama 68,800. Ukiyamwaga maji hayo hapa, bila kutoka popote, ziwa linapanda kwa mita 3.9. Kwa mwaka mmoja. Mvua kubwa za 1961 zilipandisha ziwa, na hadi 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2, na wazee wanaoishi kando ya ziwa bado wanasimulia. Baharini maji hayohayo yanatandazwa juu ya eneo kubwa mno, hayafiki hata milimita moja kwa mwaka. Lakini ni kila mwaka.

---

Wakala_Kayenze

Shikamoo mzee. Mita 3.9! Mwaka 2020 ziwa lilipopanda tuliona wenyewe maji yalivyoingia kwenye mialo na mabanda, na haikufika hata nusu ya hapo. Sasa ile namba ya redio imepata mwili.

---

Mchaga_wa_Igoma

Naomba niingilie. Kwetu Kilimanjaro barafu inaisha na hatuhitaji kwenda Aktiki. Kwa nini hizo fito haziwekwi kule? Na je, maji yanayotoka juu pale si ndiyo yanayoongezeka ziwani?

---

Binti_Ukerewe

Kaka, la pili kwanza: maji ya Kilimanjaro hayaji Victoria. Yanateremka upande wa mto Pangani na kuelekea Bahari ya Hindi. Ziwa letu linalishwa zaidi na mvua inayonyesha juu yake lenyewe.

La kwanza: vipimo vipo. Kuna kituo cha hali ya hewa juu ya barafu ya upande wa kaskazini ya Kibo kilichowekwa mwaka 2000 na Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, na fito pia zimetumika. Ramani ya 1912 ilionyesha barafu ya kilomita za mraba kama 12. Kufikia 2011 asilimia 85 yake ilikuwa imeondoka. Lakini usije ukachukua hesabu zangu za Svalbard ukazipeleka Kibo. Pale juu hewa ni kavu na baridi, na sehemu kubwa ya barafu haiwi maji kabisa, inageuka mvuke moja kwa moja. Kilo moja kwa njia hiyo inataka kilojuli 2,830 hivi, zaidi ya mara nane ya kuyeyusha. Maana yake hata ukiona barafu inaisha, usitarajie kijito chini yake. Georg Kaser wa Innsbruck na wenzake wameeleza kwamba kupungua kule kulianza mwishoni mwa karne ya 19, pale hewa ya Afrika Mashariki ilipokuwa kavu ghafla, na ushahidi mmoja waliousimamia ni maziwa yetu, ambayo viwango vyake vilishuka karibu na 1880. Mzee KipimaMaji atalipenda hilo.

---

KipimaMaji

Nalijua, na nalipenda. Ziwa na barafu vina daftari moja: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

---

Wakala_Kayenze

Dada, la mwisho, halafu nikuache. Uliniahidi setilaiti. Kama iko inayoweza kupima uzito wa Greenland yote, mnahangaika na fito za nini? Na barafu ikirudi nyuma, ule ufito wa chini kabisa unakuwaje?

---

Binti_Ukerewe

Namba ya redio ilitoka kwenye setilaiti, na kwa kweli ni mizani. Mradi wa GRACE ulirushwa 2002 ukafanya kazi hadi 2017, na mrithi wake alirushwa 2018. Ni setilaiti mbili zinazofuatana kwenye njia moja, zikiachana kilomita kama 220, na kila moja inapima umbali wa mwenzake bila kukosea hata kwa unene wa unywele. Ya mbele ikikaribia mahali penye uzito mkubwa inavutwa kidogo zaidi, umbali unaongezeka. Ya nyuma nayo ikifika inavutwa, umbali unarudi. Kutokana na kuvutwa huko wanapiga hesabu ya uzito ulio chini, mwezi hadi mwezi. Uzito ukipungua Greenland, mvuto unapungua. Hakuna aliyehitaji kujua kina wala kama theluji imelala.

Lakini mizani hiyo inaona eneo la kilomita mamia kwa mkupuo mmoja. Austre Brøggerbreen yetu haionekani hata kidogo. Na haitofautishi barafu iliyoyeyuka usoni na ile iliyomeguka ikaangukia baharini kama vilima vinavyoelea. Greenland inapoteza kwa njia zote mbili, na ile 270 ni jumla ya zote baada ya kutoa theluji iliyoongezeka.

Kuna setilaiti nyingine zinazohisi unyevu wa uso. Julai 2012 zilionyesha kuyeyuka karibu asilimia 97 ya uso wote wa Greenland. Zinakuambia wapi pamelowa, hazikuambii maji ni kiasi gani. Nyingine inapima mwinuko kwa leza, ICESat-2, iliyorushwa 2018. Hiyo ndiyo watu wanadhani ingezifuta fito, na hapo naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo nilipoanza kuziheshimu zile fito.

Barafuto inatembea. Juu inalishwa na theluji, inazama, inasukumwa chini ya bonde, na ikifika sehemu ya chini inapanda tena usoni. Sasa tuseme pale chini imeyeyuka mita 1.30 kiangazi kizima, lakini mwaka huohuo barafu iliyosukumwa kutoka juu imeuinua uso kwa mita 0.30. Leza itakuambia uso umeshuka mita 1.00, na haijakosea, uso umeshuka kweli mita 1.00. Ufito utakuambia 1.30. Leza imeona kuyeyuka na kusukumwa kwa pamoja, bila namna ya kuvitenganisha. Ufito umeshikwa na barafu ileile, unatembea nayo na kupanda nayo, kwa hiyo umeona kuyeyuka peke yake. Ukitaka kujua barafuto nzima imepungua kiasi gani, leza inatosha. Ukitaka kujua jua na upepo wa mwaka ule vimeyeyusha nini mahali pale, hakuna kitu angani kinachokujibu bila kusahihishwa na kilichochomekwa chini. Barafuto ya Storglaciären, kaskazini mwa Uswidi, imekuwa ikipimwa hivyo tangu 1946, kazi aliyoianzisha Valter Schytt, na namba za miaka yote hiyo zinalinganishika kwa sababu njia ni ileile.

Ila fito nazo zina upofu wake. Juu mlimani, ambako theluji haiishi, maji ya kuyeyuka yanapenya chini na kuganda tena ndani. Ufito utaonyesha uso umeshuka, kumbe uzito haujaondoka, umehama tu mita mbili chini. Ni kilekile ulichosema cha barafu kulala, ila kibaya zaidi, kwa sababu hapo imeyeyuka kweli na bado haijapotea. Dawa yake ni kutoboa na kutoa vipande virefu vya theluji ngumu, kuvipima uzito mwaka hadi mwaka.

Na ufito wa chini kabisa: barafu ikiisha chini yake, unaanguka kwenye mawe. Unaondolewa kwenye hesabu na mwingine unawekwa juu zaidi. Wakati huohuo ramani inachorwa upya, kwa sababu eneo la ule ukanda wa chini limepungua, na ukiendelea kuzidisha kwa eneo la zamani utakuwa unaandika kuyeyuka kwa barafu ambayo haipo.